Mteja wa Krismasi hutafutwa Novemba

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka inapofika wiki ya tatu ya Desemba, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari yanayoelekea upande mmoja. Mabasi, magari madogo na hata malori hubeba familia zinazokwenda nyumbani kula Krismasi. Kwenye keria na kwenye buti kuna mchele, mafuta ya kupikia, kreti za soda, maboksi ya biskuti na wakati mwingine hata trei za mayai.

Mwandishi wa makala haya amewahi kuwa mmoja wa wasafiri hao. Tulibeba trei sita za mayai kutoka Dar es Salaam, safari ya kilometa zipatazo 550, tukizishika kwa mikono kila gari lilipopita kwenye matuta. Tulipofika Marangu, mayai zaidi ya 20 yalikuwa yamevunjika. Kesho yake asubuhi mama jirani alikuja kutusalimu. Alipoziona trei zile akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini tumehangaika kubeba mayai wakati yeye anafuga kuku wa mayai na ndani ana trei zisizopungua 40 ambazo hajui atamuuzia nani.

Banda lake lilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani kwetu. Hapakuwa na kibao njiani, na hakuna mtu aliyekuwa ametuambia. Sisi tulipoteza mayai 20, lakini yeye alipoteza zaidi. Alipoteza wateja waliofika hadi mlangoni pake wakiwa tayari wamenunua kwingine.

Kisa hicho ni kidogo, lakini kinaonyesha kosa wanalorudia wakulima, wafugaji na wenye maduka madogo kila msimu wa sikukuu. Wengi hujiandaa kwa bidhaa, hawajiandai kwa wateja. Hujaza duka au banda, kisha hukaa na kungoja.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inafaa kwa mteja unayeishi naye mwaka mzima, maana ana muda wa kuonja kwako na kwa mwenzako, kisha akachagua. Mgeni wa siku kumi hana muda huo. Kwake yeye, kitu kizuri ambacho hakuna aliyemwambia ni sawa na kitu kisichokuwepo.

Msimu wenyewe ukoje

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Sensa hiyo ilifanyika Agosti. Kama ingefanyika usiku wa kuamkia Krismasi, ni dhahiri kwamba hesabu ingekuwa kubwa zaidi, kwani Rombo, Vunjo, Kibosho, Machame na Siha hupokea watoto wao kutoka kila pembe ya nchi. Wapare wa Same na Mwanga nao hufanya hivyo hivyo.

Watu hawa hawaji kula na kunywa tu. Desemba ndiyo mwezi wa ubatizo, kipaimara, harusi na vikao vya ukoo. Ndiyo mwezi wa kujengea makaburi, kupaka rangi nyumba ya wazazi, kubadilisha bati linalovuja na kununua magodoro ya wajukuu. Kwa hiyo msimu wa sikukuu si wa mwenye bucha na mwenye baa peke yao. Ni wa fundi rangi, muuza saruji na misumari, mwenye turubai na viti vya kukodi, fundi cherehani, msusi, kinyozi, muuza mitungi ya gesi na mwenye genge la nyanya.

Ugumu wake ni kwamba ni msimu mfupi. Kuanzia Desemba 20 hadi Januari 2 ni wiki mbili tu. Baada ya hapo fedha huhamia kwenye ada, sare na madaftari, na aliyebakiwa na mzigo hubaki nao. Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo hawezi kutumia wiki ya kwanza kujitambulisha na ya pili kuuza.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Jijini Dar es Salaam duka dogo la mtaani huitwa ‘kwa Mangi’, jina litokanalo na cheo cha watawala wa jadi wa Kichaga, kwa jinsi watu wa mkoa huu wanavyojulikana kwa kushika maduka. Lakini Mangi huyo huyo anaporudi nyumbani Desemba hubeba bidhaa kutoka mjini, akimpita ndugu yake mwenye duka kijijini. Hafanyi hivyo kwa dharau. Hajui kama atakachohitaji kitapatikana.

Anayelipa na anayechagua

Ili ujue pa kuelekeza tangazo lako, jiulize kwanza ni nani anayeamua duka la kwenda. Wafanyabiashara wengi hudhani ni mgeni mwenye gari. Ndiyo maana husubiri magari yafike ndipo waanze kuita.

Ukweli ni kwamba maamuzi mengi yameshafanyika kabla mgeni hajapanda basi. Mtoto aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma hupiga simu nyumbani mwanzoni mwa Desemba, au hata Novemba. Humwambia mama atafute mbuzi mzuri, au humtumia mdogo wake fedha akanunue mchele na mikungu ya ndizi. Fedha ziko mjini, lakini anayechagua muuzaji ni mama, shemeji au mdogo mtu aliyeko kijijini.

Huyo ndiye mteja wako wa kwanza. Ni jirani yako, mnakutana kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, sokoni au kwenye msiba. Humhitaji kumfuata kwa gharama yoyote. Unachohitaji ni ajue mambo matatu kabla simu haijapigwa: una nini, unauza bei gani, na utaweza kumwekea hadi tarehe ipi.

Mteja wa pili ni mgeni mwenyewe, ambaye akishafika huhitaji vitu ambavyo familia ilisahau: chumvi, taa, betri, vocha, sabuni, mkaa, kuku wa ziada kwa sababu wageni wameongezeka. Huyu hutazama kilicho karibu na barabara na husikiliza dereva wa bodaboda. Inafaa pia kukumbuka kwamba tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi. Abiria wengi sasa hushuka alfajiri. Mwenye duka la karibu na stendi anayefungua saa 3:00 asubuhi atawakuta wameshanunua kwingine.

Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Tangazo zuri halina maana kama bidhaa haitakuwa tayari siku inayotakiwa. Kwa mkulima na mfugaji, kazi ya kwanza ni kushika kalenda na kuhesabu kutoka Desemba 24 kurudi nyuma.

Kuku wa nyama hufikia uzito wa kuuzwa katika wiki ya tano hadi ya sita. Anayetaka kuuza Desemba 22 kuku wa siku 42 lazima aingize vifaranga bandani Novemba 10, na oda ya vifaranga iwe imewekwa Oktoba, kwani wafugaji wote hulenga tarehe hizo hizo. Kuku chotara huhitaji miezi mitatu hadi minne, hivyo vifaranga vyao viingie Agosti. Mbuzi wa kunenepesha atengwe kuanzia Septemba au Oktoba, apewe dawa ya minyoo mapema, na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye dawa uheshimiwe kabla ya kuchinjwa.

Kwa mkulima wa nyanya, kitalu huchukua wiki nne na shamba huhitaji miezi miwili na nusu hadi mitatu kabla ya kuanza kuchuma. Maana yake mbegu zisiwe kitaluni baada ya mwisho wa Agosti. Mvua za vuli hukuta nyanya hizo shambani, hivyo gharama ya kuzuia bakajani iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Hata mama anayetengeneza mbege ana kalenda yake. Ulezi lazima uoteshwe, ukaushwe na kusagwa, na ndizi ziivishwe, zichemshwe na kuachwa siku kadhaa. Mbege ikishaiva haikai. Anayejua mapema kwamba ukoo fulani utakuwa na kikao Desemba 27 atapika kiasi kinachotakiwa. Asiyejua atapika kidogo akose fedha, au atapika kingi akimwage.

Hapa ndipo umuhimu wa kujitangaza mapema unapoonekana kwa hesabu. Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye kuku wa nyama 200 ambaye Desemba 24 amebakiwa na kuku 100. Kuku wa wiki sita hula karibu gramu 180 za chakula kwa siku. Kuku 100 watakula kilo 18 kila siku. Akikaa nao siku 10 akingoja wanunuzi, watakuwa wamekula kilo 180, zaidi ya mifuko mitatu na nusu ya kilo 50. Wakati huo huo bei inashuka kwa sababu wageni wameondoka. Faida yote ya kuku 100 wa kwanza inaweza kuishia hapo.

Mfugaji huyo angekwenda kwa majirani 20 na daftari mkononi kabla ya kuweka oda ya vifaranga, akawauliza kila mmoja atahitaji kuku wangapi na tarehe gani, angejua kama aingize vifaranga 200 au 120. Kuuliza hakumgharimu kitu.

Kujitangaza bila gharama kubwa

Wengi wakisikia neno matangazo hufikiria redio, televisheni na mabango makubwa ya barabarani. Biashara ya kijijini haihitaji hayo yote. Zipo njia za bei nafuu ambazo zikitumiwa vizuri hufika mahali panapotakiwa.

Ya kwanza ni kibao. Ubao uliopakwa rangi na kuandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kwenye gari linalotembea unatosha. Usiandike mambo mengi. ‘MAYAI – TREI – NYUMBA YA TATU CHINI YA ZAHANATI’ inatosha, pamoja na namba ya simu. Taja alama ambayo kila mtu anaijua: kanisa, msikiti, shule, daraja, mti mkubwa. Kabla ya kusimika kibao, ongea na ofisi ya kijiji au kata, na usikiweke ndani ya hifadhi ya barabara, kwani kinaweza kung’olewa ukapoteza fedha zako.

Ya pili ni simu. Karibu kila ukoo sasa una kundi lake la WhatsApp, na ndani yake wamo walioko mijini na hata walioko nje ya nchi. Omba jirani aliyemo aweke tangazo lako mara moja mwanzoni mwa Desemba. Piga picha mchana, mahali penye mwanga, ionyeshe bidhaa yenyewe na si picha ya kuokota mtandaoni. Andika bei. Tabia ya kumwambia mteja aulize bei faraghani humfanya ahisi kwamba atapangiwa bei kwa kumwangalia usoni. Usitume tangazo hilo hilo kila siku, maana watu huchoka na kulipuuza.

Ya tatu ni watu wanaokutana na wageni kabla yako. Dereva wa bodaboda, kondakta wa Noah au Hiace, mpiga debe wa stendi na mama lishe huulizwa maswali kila saa: wapi nitapata nyama nzuri, wapi kuna fundi umeme. Wape kadi ndogo au karatasi yenye namba yako. Ukikubaliana nao kuwapa chochote kwa kila mteja wanayemleta, timiza ahadi siku hiyo hiyo. Ukiwadanganya mara moja watampeleka mteja kwa mwenzako.

Ya nne ni mikusanyiko. Wakati wa majilio na kuelekea Krismasi, watu hukutana kanisani kila Jumapili. Baadhi ya viongozi wa dini huruhusu matangazo ya biashara baada ya ibada au meza ya kuuzia bidhaa nje ya uwanja, wengine hawaruhusu. Omba kwa heshima, na ukikataliwa usilazimishe. Siku ya soko pia ni nafasi nzuri. Anayeuza asali, unga wa lishe au viungo aandae kidogo cha kuonjesha.

Anayetaka kutumia gari la kipaza sauti au redio ya mkoani akumbuke kupima. Gharama hiyo inafaa wafanyabiashara watano au sita wakichanga pamoja kutangaza soko lao zima. Kwa duka moja dogo inaweza kula faida yote.

Bei ijulikane, kipimo kiaminike

Malalamiko makubwa ya wanaorudi nyumbani Desemba ni kwamba wakishashuka kwenye gari bei hupanda. Mkungu wa ndizi uliouzwa kwa bei fulani wiki iliyopita huongezwa mara mbili kwa sababu mnunuzi amevaa miwani ya jua. Muuzaji huona amepata. Mgeni naye hujifunza jambo, na mwaka unaofuata hubeba kila kitu kutoka mjini.

Ni kweli kwamba bei ya baadhi ya vitu hupanda msimu huu kwa sababu za haki. Mbuzi mnadani Weruweru hupanda bei sikukuu inapokaribia, na wewe uliyemnunua ghali huwezi kumuuza rahisi. Lakini andika bei yako kwenye karatasi na uibandike. Jirani na mgeni wasome bei moja. Mtu akijua kwamba bei ni ile ile kwa wote, hata kama si ya chini sana, huacha kuogopa.

Kipimo nacho kisemwe wazi. Mwenye bucha na mwenye duka la nafaka ahakikishe mizani yake imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina stika ya mwaka husika, na aiweke mahali mteja anapoona mshale. Nyama iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri. Anayesindika jemu, mvinyo wa ndizi au unga aandike jina, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusajili vyakula na majengo yanayohusika imehamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kutoka iliyokuwa TFDA. Kwa ushauri wa ufungashaji, ofisi za SIDO zipo mikoani. Mambo haya yote ni matangazo pia, kwani mgeni kutoka mjini ameshazoea kuangalia lebo.

Je, kupunguza bei kunasaidia? Fanya hesabu kabla ya kuandika neno ‘punguzo’. Tuseme bidhaa unayonunua kwa Sh 8,500 unaiuza kwa Sh 10,000. Faida yako ni Sh 1,500. Ukipunguza bei hadi Sh 9,000, faida hubaki Sh 500. Maana yake inabidi uuze tatu ili upate faida uliyokuwa ukiipata kwa kuuza moja. Kama huna uhakika wa kuuza mara tatu zaidi, punguzo hilo ni hasara iliyofichwa.

Kapu la sikukuu

Njia iliyo bora kuliko kukata bei ni kufungasha pamoja. Mwenye duka anaweza kuandaa kapu la sikukuu: mchele kilo 5, sukari kilo 2, mafuta lita 3, unga wa ngano kilo 2, majani ya chai na viungo vya pilau. Kwa mfano tu, tuseme vitu hivyo umevinunua kwa Sh 40,000 na kimoja kimoja huviuza kwa jumla ya Sh 46,000. Kapu zima ukiliuza Sh 44,500 na kikapu chenyewe kimekugharimu Sh 1,000, unabaki na Sh 3,500. Makapu 30 yatakupa Sh 105,000, na mteja ambaye angenunua sukari peke yake ameondoka na vitu sita.

Uzuri wa kapu ni kwamba aliyeko mjini anaweza kulilipia kwa simu na mama akalichukua dukani, au kijana wa bodaboda akampelekea. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, hivyo kikapu cha ukili si mapambo tu. Kinamfaa mteja baadaye na kinampa kazi msusi wa vikapu wa hapo hapo kijijini.

Anayepokea malipo kwa simu awe mwangalifu. Msimu huu matapeli nao hufanya kazi. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Dukani pia kagua noti kubwa hata kama foleni ni ndefu.

Majirani wakishirikiana hupata zaidi. Mwenye bucha akijua nani anauza ndizi nzuri, na mwenye ndizi akijua nani anakodisha viti, mteja mmoja hupita kwa watu watatu bila kushuka mjini. Wapo wanaoogopa kumtaja mwenzao kwa kudhani watanyang’anywa mteja. Lakini mnyang’anyi wa kweli ni safari ya kwenda mjini, kwani mteja akishafika huko hununua kila kitu.

Kwa oda zote chukua kianzio, angalau kinachotosha kukurudishia mtaji. Andika jina, namba ya simu, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kuchukua, kisha mpe mteja karatasi. Ukishapokea kianzio cha mbuzi fulani, mbuzi huyo si wako tena. Usimuuze kwa mwingine aliyekuja na fedha nyingi zaidi asubuhi ya Krismasi. Habari hiyo itazunguka kijiji kizima kabla ya jioni.

Mali kauli na mkopo wa Desemba

Wapo wanaochukua mzigo kwa mali kauli au kukopa kwenye kikundi ili wajaze duka. Mkopo si dhambi, lakini jiulize bidhaa hiyo itakuwa na thamani gani Januari 5. Mchele, sukari, mafuta, sabuni na madaftari vitaendelea kuuzika. Kadi za Krismasi, maputo na mapambo yenye maandishi ya mwaka mpya vitalala hadi Desemba nyingine. Nyanya zitaoza. Kanuni nyepesi ni hii: fedha ya mkopo inunue kitakachouzika Januari, na bidhaa za sikukuu pekee zinunuliwe kwa fedha yako au kwa kianzio cha wateja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni andika ulichouza, ulichokopesha na ulichotumia nyumbani. Desemba ndugu ni wengi, na soda zinazotoka dukani kwa ajili ya wageni wako mwenyewe nazo zimenunuliwa kwa mtaji.

Usimwache aondoke hivi hivi

Januari 2 mgeni anafunga mizigo. Hapa ndipo biashara ya mwaka unaofuata inapoanza. Anaporudi mjini hupenda kubeba vitu vya nyumbani: ndizi, maparachichi, kahawa, asali, mayai ya kienyeji. Mwambie mapema kwamba unaweza kumfungashia vizuri, kisha chukua namba yake kwa ruhusa yake. Andika alichonunua. Ujumbe mmoja mfupi mwezi Novemba mwakani, ukimkumbusha kwamba wewe ndiye uliyemuuzia mbuzi au kapu na ukimuuliza mwaka huu atahitaji nini, unaweza kuleta oda kabla wenzako hawajaanza hata kufikiria.

Lakini mteja mkubwa kuliko wote ni yule asiyeondoka. Ni mama aliyekutumia oda ya mtoto wake, ni mwalimu, ni muuguzi wa zahanati. Huyo atanunua Januari, Pasaka na Juni. Usimsimamishe nyuma ya foleni kwa sababu kuna gari kubwa nje. Wafugaji wasisahau pia kwamba sikukuu haziishii Krismasi. Iddi zote mbili hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida, na mbuzi wa Iddi el-Hajj lazima awe hana kilema. Mwenye daftari lenye majina ya wateja atajua nani wa kumuuliza na lini.

Mama jirani yetu wa Marangu aliuza mayai yake mwaka ule, lakini kwa bei ya chini, katikati ya Januari. Desemba iliyofuata hatukubeba trei hata moja. Mama yetu nyumbani alipigiwa simu wiki mbili kabla, akatuma mtoto kwa jirani, na trei sita tulizikuta mezani zikiwa nzima.

KALENDA KWA UFUPI

Agosti: Weka mbegu za nyanya kitaluni. Ingiza vifaranga vya kuku chotara.

Septemba na Oktoba: Tenga mbuzi wa kunenepesha. Weka oda ya vifaranga vya kuku wa nyama.

Novemba 10: Vifaranga vya kuku wa nyama viwe bandani.

Katikati ya Novemba: Tembelea majirani na daftari. Pokea oda na kianzio. Andaa kibao.

Desemba 1 hadi 15: Tangaza kwa simu na kwenye mikusanyiko. Bandika bei. Kagua mizani.

Desemba 20 hadi Januari 2: Fungua mapema, funga kwa kuchelewa. Timiza oda zote. Andika kila jioni.

Januari 3 na kuendelea: Lipa madeni ya mzigo kwanza. Weka madaftari na sare mbele ya duka. Hifadhi namba za wateja.